ABIRIA WA MELI ANAPOSHIKWA NA NJAA MOMBASA

Huenda mkashangaa mwanafunzi wa Kabati ana habari gani na meli. Hapa kwetu maji mengi tunayoyaona ni ya mto wakati wa mvua, na hata hayo hukaa siku chache tu kisha tukarudi kuchimbua mchanga. Lakini lami sasa inatoka Migwani, inapita hapa Kabati, Kitui mjini na Mutomo, mpaka Kibwezi inapokutana na barabara kuu ya Mombasa. Pwani si mbali tena kama zamani. Chama chetu cha Kiswahili kikifunga safari ya huko, kila mmoja wetu atashuka garini akiwa sawa na abiria wa meli: mgeni, mwenye njaa, mwenye saa chache na pesa za kuhesabu. Kwa hivyo nimeona nieleze jinsi abiria wa meli anavyoweza kula Mombasa akashiba bila kumaliza mfuko.

Kwanza tuzielewe meli zenyewe. Meli za watalii huja zaidi kuanzia Novemba hadi Machi hivi, wakati wa kaskazi, upepo ule ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Hufunga gati Kilindini, kisha huendelea Zanzibar, Shelisheli au Madagaska. Abiria amekwisha kulipia chakula chake ndani ya nauli. Staftahi iko, chamcha iko, chajio kiko. Ndiyo maana wengi hushuka, wakapiga picha, wakarudi kula melini. Meli moja yaweza kuwa na mamia ya watu, na mama wa viazi karai asiuze hata sahani moja! Mimi naona jambo hili si mchezo. Mgeni akila mjini, pesa zake zinamfikia mtu aliyeamka saa kumi za usiku kukanda unga. Akila melini, basi zinabaki melini.

Hata wale wanaotaka kula nje hukosa njia. Akitoka langoni tu, anapokewa na watu wa kumwongoza mpaka kwenye hoteli kubwa yenye vitambaa vyeupe mezani. Anapewa chipsi na kuku, chakula ambacho angekipata popote ulimwenguni, kwa bei ambayo watu wa mji hawaijui. Sababu yake ni rahisi. Muuzaji anajua kwamba mteja huyu hatarudi kesho, na mteja hajui bei ya jana. Lakini mahali wanapokula wafanyakazi mambo ni mengine, kwa sababu kibanda kikipandisha bei leo, kesho makuli na madereva wa tuktuk watahamia cha jirani. Mjomba wangu aliyewahi kufanya ukuli bandarini hutuambia kwamba ukitaka chakula cha bei nafuu usitazame kibao cha hoteli, tazama viatu vya wanaokula. Ukiona viatu vyenye vumbi, kaa hapo.

Basi, Kilindini iko upande wa magharibi wa kisiwa, nao Mji wa Kale uko mashariki, karibu na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kisiwa si kikubwa. Tuktuk inakuvusha upesi, ila mpatane nauli kabla hujakalia kiti. Vitu vinavyouzwa mlangoni pa Ngome vina bei ya wageni. Ingia vichochoroni dakika chache tu na bei itaanza kuteremka yenyewe.

Asubuhi chakula cha kushibisha ni mahamri na mbaazi. Hamri ni kama andazi, lakini unga wake hukandwa kwa tui la nazi na iliki, ukaachwa uumuke, halafu hukaangwa mpaka ukafura na kuwa wazi katikati. Mbaazi zenyewe ni hizi hizi nzuu zetu! Kule huchemshwa zikalainika, kisha zikatiwa tui zito. Sisi huku tunazila na muthokoi na wala hatuzioni kuwa kitu, kumbe Mombasa ndizo zinazoamsha mji. Mahamri hununuliwa kwa sarafu, biriani hununuliwa kwa noti. Mwenye shilingi 300 za siku nzima akumbuke hilo, aiachie biriani siku ya harusi.

Kuanzia alasiri mpaka usiku ndipo utamu unapotokea barabarani. Kuna viazi karai, yaani viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika uji wa unga wenye manjano, vikakaangwa, vikaliwa na ukwaju na pilipili. Kuna bhajia, kachori, na mishkaki juu ya makaa. Ukifika Mama Ngina, pale ufukoni palipofanyiwa ukarabati mwaka 2019, utapata mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga, na mbele yako unatazama meli zikiingia bandarini. Sidhani hoteli yenye vitambaa vyeupe ina dirisha kama hilo. Usiku wazee huuza kahawa chungu kwa vikombe vidogo sana, nayo huliwa na kashata. Mwenye kuzoea chai ya maziwa ajitayarishe.

Sasa kuhusu tumbo. Wageni wengi huogopa vibanda kwa sababu ya magonjwa, na hofu yao si ya bure, kwani kipindupindu kimewahi kuisumbua Mombasa. Lakini dawa si kukimbilia hoteli ya ghali. Chagua kilichotoka kwenye mafuta au kwenye sufuria inayochemka huku ukiona, maana moto mkali huua vijidudu. Kachumbari iliyokaa tangu asubuhi iache. Vivyo hivyo barafu ndani ya juisi, kwa kuwa hujui maji yake yalitoka wapi. Penye watu wengi chakula hakilali, kinaisha na kupikwa kingine. Nawa mikono, ule kwa mkono wa kulia, na uvae kwa heshima kwani Mji wa Kale ni mji wa Waislamu.

Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, hoteli ndogo nyingi hufungwa mchana. Abiria wa meli inayong'oa nanga saa kumi na moja jioni atalia, lakini anayelala mjini atafurahi, maana baada ya magharibi vyakula hujaa njiani kuliko siku nyingine zote. Zanzibar nako watu husubiri jioni. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, hujaa meza za samaki, urojo na juisi ya muwa jua likitua. Mishkaki ya samaki imepangwa vizuri mno mezani na mgeni huonyesha kidole huku, kidole kule, akidhani anaonja. Kila kijiti kina bei yake, jamani.

Kuuliza bei kabla ya kula si aibu. Msalimie mama kwanza, "Shikamoo mama, sahani ya viazi ni shilingi ngapi?" Mzungu wa melini anahitaji mtu wa kumtafsiria na mtu huyo naye anataka chake. Sisi tuna Kiswahili bure. Lafudhi itatutoa, haswa tukisema "kalai" badala ya "karai", lakini mama atacheka na kukuongezea ukwaju.

Kitu cha mwisho ni dafu. Usinunue soda wakati wauza madafu wako kila kona. Linakatwa mbele yako, maji yake hayajaguswa na mtu. Ukimaliza kunywa usilitupe. Mwambie akupasulie na akuchongee kijiko kutoka kwenye ganda lake, ukombe ile nyama laini ya ndani. Hiyo hulipii tena.