Kamera Yako Inarekodi, au Inawaka Taa Tu?

Hii ni kwenu wafanyabiashara wenzangu, hasa ninyi mnaouza mtandaoni na kufungia mizigo nyumbani, kwenye fremu au kwenye stoo ya kupanga.

Leo tuongelee kamera za ulinzi. Kununua siyo kazi siku hizi, Kariakoo zimejaa na fundi anakuja hadi mlangoni. Kazi ni kuhakikisha siku ukiihitaji ile video, ipo, inaonekana, na ina saa sahihi. Wengi tunafunga kamera tukimfikiria mwizi wa usiku. Yupo, sikatai. Lakini kwa sisi tunaotuma mizigo, ugomvi mwingi unazaliwa mchana kweupe, kati ya meza ya kufungia na mkono wa mteja.

Niwape mfano. Nauza viatu vya watoto, jumla na rejareja. Kuna mzigo wa pea 12 niliutuma Mwanza kwa basi. Siku ya tano mteja ananipigia: "Dada, mzigo umefika ila pea ni 11. Sasa mnaanza kutuibia?" Mnajua kinachofuata kwenye biashara nyingi: anaitwa kijana wa kufunga mizigo, anaambiwa hiyo pea utakatwa kwenye mshahara. Na wenzake wanaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Tukafungua rekodi. Kijana anaonekana anainua pea moja moja mbele ya kamera, 12 kamili, anaandika namba ya oda juu ya boksi kwa maka peni nyekundu, anapiga solotepu nyeupe. Mteja alipotuma picha ya boksi alivyolipokea, solotepu ilikuwa ya kaki. Boksi lilifunguliwa njiani. Ofisi ya mizigo ilizungusha wiki nzima, mwisho ikalipa nusu ya bei. Sawa. Kikubwa ni kwamba mteja alituelewa na anaagiza mpaka leo, na kijana hakukatwa hata shilingi wala jina lake halikuchafuka.

Video ile ilisaidia kwa sababu ya mambo machache yaliyopangwa mapema. Twende moja moja.

1. KAMERA YA KWANZA IANGALIE MEZA YA KUFUNGIA

Kama bajeti ni ya kamera moja, ifunge juu ya meza. Ya pili ndiyo iangalie mlango. Kwa meza, urefu wa kama mita moja na nusu juu yake unatosha. Ukiipandisha darini kabisa kwenye kona utaona stoo nzima, lakini hutasoma namba ya oda.

Jaribu hivi: weka boksi mezani, liandike namba kwa maka peni, kisha fungua REKODI, siyo picha ya moja kwa moja, na uikuze. Namba inasomeka? Kama haisomeki, ishushe kamera au isogeze.

Usiielekeze kwenye dirisha au mlango ulio wazi mchana. Mwanga ukitoka nyuma ya mtu, sura inakuwa kivuli cheusi. Mwanga utoke upande wa kamera.

Halafu mzoeshe mfungaji: anainua bidhaa moja moja, anahesabu, anaonyesha lebo ya mteja, anafunga, anageuza boksi pande zote. Ni kama dakika moja tu.

2. HESABU SIKU, USIHESABU KAMERA

Rekoda ikijaa haisimami. Inafuta ya zamani na kuandika mpya juu yake. Mzigo wa mkoani unaweza kukaa siku mbili njiani, mteja akauchukua baada ya siku tatu, akalalamika wiki inayofuata. Kama mashine yako inatunza siku 4, umeshachelewa.

Hesabu ni hii. Kamera iliyowekwa kwenye megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 21.6 kwa siku. Kamera 4 ni kama GB 86. Kwa hiyo diski ya TB 1 inakupa siku 11 hivi, na ya TB 2 kama siku 23. Kamera 2 kwenye TB 1 nazo ni kama siku 23. Mimi nashauri usishuke chini ya siku 14.

Unatumia ile kamera ya Wi-Fi yenye memori kadi tumboni? Kadi ya GB 128 kwa kiwango hicho ni siku 5 hivi. Kadi za kawaida huchoka haraka zikiandikwa mfululizo, kwa hiyo ulizia zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, na ukiiweka, ifomatie ndani ya kamera yenyewe.

Njia ya kubana nafasi: meza ya kufungia irekodi mfululizo saa za kazi tu. Mlango na stoo zirekodi pale panapokuwa na mtu anayetembea. Meza usiiweke kwenye hali hiyo ya pili, maana wakati mwingine inachelewa kuanza na unakosa bidhaa ya kwanza iliyoingia kwenye boksi.

3. SAA NA TAREHE

Video yenye tarehe ya mwaka 2000 haikusaidii popote. Weka ukanda wa saa GMT+3, na kile kipengele cha kubadilisha saa kwa majira ya joto kizime, sisi hatuna mambo hayo. Kama rekoda ina intaneti, washa ijirekebishe saa yenyewe.

Umeme ukikatika saa ikarudi nyuma miaka kibao, mara nyingi ni betri ndogo ya duara kama sarafu iliyo ndani ya rekoda, kwenye mashine nyingi imeandikwa CR2032. Ni bei ndogo. Fundi achomoe umeme kwanza ndipo abadilishe.

Na kuna hili la kwetu: rekoda inaandika 14:30, sisi tunasema saa 8 na nusu mchana. Ukimwandikia mteja au ukienda polisi, taja zote mbili ili mtu asitafute video ya saa 8 za usiku.

4. UMEME

Kamera nyingi za waya hutumia volti 12. Dalili ninayoulizwa sana: "Mchana inaonyesha vizuri, usiku inazima au inacheza." Usikimbilie kununua kamera nyingine. Usiku kamera inawasha taa zake za kuonea gizani, inahitaji umeme zaidi. Adapta dhaifu au waya mrefu mwembamba hautoshi. Soma ampea zilizoandikwa kwenye kila kamera, jumlisha, kisha adapta iwe na zaidi ya hapo.

Rekoda iwekee kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, na ukiweza UPS ndogo inayobeba rekoda, kamera na ruta. Usiifungie kwenye droo isiyo na hewa, diski inaumia na joto. Ila pia usiiache mezani mbele ya kila mtu. Mwizi anayejua kazi anaondoka na rekoda yenyewe.

5. IKIGOMA, ANZA HAPA KABLA YA KUMWITA FUNDI

Kamera moja imekuwa nyeusi: chomoa waya wake nyuma ya rekoda, uchomeke kwenye tundu la kamera nyingine inayofanya kazi. Ikionyesha, tatizo ni lile tundu la kwanza. Isipoonyesha, angalia adapta, halafu kichwa cha waya, kamera yenyewe iwe ya mwisho.

Zote zimezima kwa pamoja: adapta kuu au rekoda. Usihangaike na kamera moja moja.

Rekoda inalia pii pii: mara nyingi haioni diski au diski inakufa. Usizime mlio ukaendelea na biashara. Picha za moja kwa moja zitaonekana kama kawaida huku hakuna kinachohifadhiwa.

Usiku picha ni nyeupe tupu: kamera iko nyuma ya kioo cha dirisha, au utando wa buibui na vumbi viko mbele ya lenzi, taa zinarudi. Itoe nyuma ya kioo, futa kwa kitambaa laini.

Kamera ya Wi-Fi haikubali kuunganishwa: nyingi hutumia Wi-Fi ya 2.4GHz tu. Kama ruta yako inatoa na ya 5GHz, unganisha simu kwenye 2.4 wakati wa kusajili.

Kwenye simu inasema haipo hewani: hiyo haimaanishi hairekodi. Intaneti ikikata, rekoda inaendelea kuhifadhi kwenye diski yake. Na kuhusu bando: kutazama ukiwa mbali kwa picha kali ya megabiti 2 ni kama MB 900 kwa saa. Chagua picha ya kiwango cha chini kwenye simu, ile kali ibaki kwenye diski.

6. AKAUNTI IWE YAKO

Fundi akimaliza kufunga, asisajili mashine kwa namba yake wala barua pepe yake. Isajiliwe kwa yako, wewe ukiwa umeshika simu. Ukigombana naye kesho, yeye ndiye atakuwa anaangalia stoo yako.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera, rekoda na ruta kwa wingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, ikazitumia kushambulia mitandao mikubwa. Wenye kamera wengi hata hawakujua.

7. UKIPATA TUKIO, TOA NAKALA SIKU HIYO HIYO

Usirekodi skrini ya rekoda kwa simu. Chomeka flashi, tafuta tarehe na saa, kata kipande kianzie dakika chache kabla na kiishie dakika chache baada, hifadhi kwa muundo wa MP4 kama mashine inaruhusu. Kisha ijaribu kwenye kompyuta kama inafunguka. Tunza nakala mbili na usiikate kate wala kuiwekea muziki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini hakimu anaangalia ulivyotunzwa na kama haujaguswa.

8. HESHIMU WATU

Waambie wafanyakazi kuna kamera na ziko wapi, bandika na karatasi mlangoni. Chumba cha kujaribia nguo na choo, marufuku. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kumrusha mtu kwenye magrupu ukiandika "mwizi huyu" kabla hajathibitishwa kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Peleka polisi.

Na kumbuka kamera inakata pande zote. Siku nyingine itaonyesha ni sisi tuliosahau kuweka bidhaa. Hapo ni kumpigia mteja, kuomba radhi na kutuma kilichopungua, siyo kufuta video.

KAZI YA LEO: kabla hujafunga, fungua rekodi ya jana, saa 8 mchana. Ipo? Saa ni sahihi? Namba ya oda inasomeka? Kisha rudi nyuma uone siku ya zamani kabisa iliyobaki ni ipi. Fanya hivyo kila Jumatatu, haizidi dakika tano.

Ukikuta rekodi haipo, niandikie hapo chini aina ya mashine na dalili, tusaidiane. Na mtumie mwenzako anayetuma mizigo mkoani, hasa yule anayemkata kijana wake mshahara kila mteja akilalamika.