NYWELE ZA KIPILIPILI NA KAZI ZA OFISINI

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho kichwani, lakini hatukitii maanani: nywele.

Tukiwa hapa shuleni nywele si neno kubwa. Wasichana kwa wavulana tunanyoa, na vinyozi wa Sironga wanatujua vizuri. Matata huanza baada ya shule. Mtu akiziacha zikue kama alivyoumbwa, kisha aende kutafuta kazi, huambiwa ati nywele hizo hazifai ofisini. Je, hazifai kwa sababu gani?

Kwanza tuelewe nywele zenyewe. Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini, nao huota kutoka kishimo kidogo ndani ya ngozi. Kishimo kikinyooka, unywele hutoka umenyooka, ndizo nywele za singa. Kikipinda, unywele hutoka umejipinda, ndizo zetu za kipilipili. Mafuta ya ngozi huteleza kwa urahisi juu ya singa, lakini kwenye unywele uliojipinda hayafiki mwisho. Ndiyo maana nywele zetu hukauka na kukatika upesi. Zinataka maji, mafuta na chanuo la meno mapana. Kwa hivyo kujipinda si uchafu wala ukaidi, ni umbo tu.

Na ile dawa ya kunyoosha? Nyingine huwa na sodiamu hidroksidi, kemikali ile ile ya kutengenezea sabuni. Huvunja viungo vinavyoshikilia umbo la keratini, unywele ukalala. Ikikaa kupita kiasi huunguza ngozi. Tena nywele mpya huota zimejipinda vile vile, basi kila baada ya wiki kadhaa lazima urudi kwa msusi na pesa mkononi.

Haya nayajua kwa sababu yalifika kwetu. Dadangu mkubwa alipomaliza chuo alienda kuhojiwa kazi ya ukarani. Alikuwa amesuka matuta, safi kabisa. Yule bwana aliyemhoji hakuvitazama sana vyeti vyake, alimwambia arudi akiwa na "nywele za heshima." Mama akatoa pesa za majani chai, dada akatiwa dawa, ikamchoma akatoka vidonda kichwani. Aliporudi, kazi ilikuwa imepata mwenyewe. Jameni, matuta yangemzuia vipi kuandika barua?

Waama, wazo kwamba heshima ni singa halikuanzia kwetu. Mahakimu wa Kiingereza walituletea wigi zilizotengenezwa kwa nywele za farasi. Hata baada ya uhuru majaji wetu walizivaa juu ya vichwa vyao vya Kiafrika. Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu mwaka 2011 alitaka ziachwe. Kumbe nywele za farasi zilikuwa na heshima ofisini, lakini za mwenye kichwa hazina! Mkumbukeni pia Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Fildi Masha. Nywele alizozifuga tangu msituni hazikukatwa hadi Aprili 2022, mwaka mmoja na kitu kabla hajafariki.

Sheria nayo inasemaje? Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo rangi, dini, utamaduni na mavazi. Nywele hazikutajwa kwa jina. Januari 2019 msichana mmoja alirudishwa nyumbani na shule ya Nairobi kwa ajili ya nywele zake za kirasta. Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni dini, na msichana huyo aachwe asome na nywele zake. Lakini angalieni: msichana yule alikingwa na dini yake. Asiye Rasta, anayetaka tu kuziacha nywele zilivyo, hawezi kuitegemea hukumu hiyo moja kwa moja. Huko Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka huo huo wa 2019 inayokataza mtu kunyimwa kazi au masomo kwa sababu ya nywele za asili, kama matuta na rasta.

Sisemi kila mtu aende kazini hajachana. Mpishi afunike nywele, muuguzi azifunge, fundi wa mashine asiziache zikining'inia. Kanuni hizo zina sababu, na zinamhusu mwenye singa na mwenye kipilipili sawasawa. Lakini kanuni inayotaka umbo la nywele libadilishwe haina sababu ila mazoea. Unadhifu ni kuosha, kuchana na kufunga. Kunyoosha si unadhifu.

Wenzangu, miaka si mingi baadhi yetu tutakuwa walimu wakuu, mameneja na maofisa wa kuajiri. Siku hiyo kijana akiingia na nywele zake safi za kipilipili, tumwambie aketi, tuvisome vyeti vyake.

Kalamu yangu naiweka chini. Mwenye maoni tofauti na aje kwenye mjadala wa chama, nitakuwa nikimngoja.