Ustaa una bei yake, dada!

Asikwambie mtu, ukitoka kwenye banda la video hapa Sumbawanga, ule upepo wa Ufipa ukikupiga usoni unajiona staa! Shoga yangu juzi kaniambia kapata mtu wa kumpeleka Dar akacheze filamu. Mkataba hana, jina la kampuni halijui.

Nikamsimulia ya Edwina Booth, Mmarekani aliyeanza uigizaji enzi za sinema zisizo na sauti. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimleta Afrika Mashariki kupiga filamu ya "Trader Horn". Wakazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika hadi Kongo, mtoto wa watu kavalishwa kivazi kiduchu, juani, porini. Malaria ikamdaka. Filamu ilipotoka 1931 ikavuma kweli kweli, lakini yeye hoi. Akaishtaki kampuni, wakapatana nje ya mahakama. Sinema akaachana nazo. Watu wakamzushia kifo, kumbe alikuwa hai mpaka 1991!

Sasa wajameni, huyo alau alikuwa na kampuni ya kuishtaki. Wewe shoga, yakikukuta huko Dar, utamshtaki nani? Karatasi kwanza, basi baadaye.