Kutoka Kaengesa Hadi Majuu: Mnapendana, Je, Mnaelewana?

Ukitajiwa Kaengesa, kule Ufipa mkoani Rukwa, huenda unakumbuka seminari, mahindi na baridi. Lakini mtoto wa Kaengesa leo unaweza kumkuta London au Berlin, anasoma au anabeba boksi, na pembeni yake yupo mwenzi aliyekulia hukohuko. Mapenzi yapo. Kinachowagombanisha ni mambo ambayo kila mmoja alifundishwa kwao kwamba ndivyo maisha yalivyo.

Pesa ya nani?

Novemba mvua zinakaribia, simu inaita kutoka nyumbani: mbolea. Kwa kijana huyu kutuma pesa si hisani, ni deni. Shamba hilohilo ndilo lililomlipia ada. Mwenzi wake anaona kitu kingine kabisa: kodi ya nyumba inadaiwa, na mtu ameamua peke yake. Kwao wazee wana pensheni. Kwetu mkulima wa jembe la mkono pensheni yake ni watoto. Hapo hakuna mchoyo wala mbadhirifu. Ni namna mbili za kuzeeka zinazogombea mshahara mmoja.

Kimya chako anakisomaje?

Huku kwetu jambo zito lina mtu wake wa kulifikisha: shangazi, mjomba au mshenga. Kule mwenzi wako anataka umwambie wewe mwenyewe, tena leo. Ukinyamaza kwa heshima, yeye anaona dharau. Akimpinga mama yako mezani, wewe unaona utovu wa adabu, kumbe kwao huo ni ukweli tu.

Mgeni naye huona

Usidhani mgeni haoni kitu. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, alifanya utafiti Ufipa miaka ya 1960. Sisi wenyewe tukisikia Sumbawanga tunaanza utani wa uchawi. Yeye, pamoja na kuchunguza imani hizo, aliwaandika Wafipa kama watu wa amani katika kitabu cha Societies at Peace, alichohariri na Signe Howell mwaka 1989. Wakati mwingine anayetoka mbali ndiye anayeona jema tulilolizoea. Basi na mwenzi wako msikilize anapokushangaa, na wewe mshangae kwa adabu.

Kaeni chini

Kabla hamjahamia pamoja, chukueni kalamu na karatasi. Tutatuma nyumbani kiasi gani kila mwezi? Kiasi hicho kiwe kwenye bajeti kama umeme, siyo siri ya simu ya usiku. Ndugu akija bila taarifa, atakaa siku ngapi? Na mama akizeeka, ataishi na nani?

Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalovunja nyumba nyingi. Msilisubiri hadi siku mama atakapougua, maana siku hiyo hakuna atakayekuwa na moyo wa kusikiliza.