Chakula chenye Nyuzinyuzi kwa Nguruwe Wenye Mimba

Mimba ya nguruwe huchukua siku 114 hivi. Katika muda huo mfugaji hukabiliwa na mambo mawili yanayopingana. Nguruwe akishibishwa nafaka hunenepa mno, huzaa kwa shida, na akisha kuzaa hukosa hamu ya kula, maziwa yakapungua. Akipunguziwa chakula hushinda na njaa, akatafuna mbao za banda na kukosa utulivu.

Nyuzinyuzi hupunguza ugumu huo. Majani mabichi laini, majani ya viazi vitamu na pumba hujaza tumbo bila kunenepesha kama nafaka. Katika utumbo mpana wa nguruwe aliyekomaa, vijidudu huchachua nyuzinyuzi na kumpatia nguvu kiasi. Tena nyuzinyuzi, zikiambatana na maji ya kutosha, huzuia kufunga choo, jambo linaloleta madhara siku za kuzaa.

Hata hivyo, majani hayachukui nafasi ya chakula kamili. Kwa kawaida nguruwe mwenye mimba huhitaji kilo 2 hadi 2.5 za chakula kilichochanganywa kila siku, chenye protini na madini. Majani ni nyongeza. Mabadiliko yafanywe polepole. Baada ya kuzaa nyuzinyuzi zipunguzwe, maana anyonyeshaye huhitaji chakula chenye nguvu zaidi.

Makatibu wanaowanunulia wanachama pumba wakague kila gunia kabla ya kulipokea. Pumba zilizoota ukungu zikataliwe, kwani sumu yake huweza kuharibu mimba, na hasara humwangukia mwanachama.