Bustani ya Alamut

Hekaya hii nimeisimulia mwenyewe barazani, mara nyingi, baada ya sala ya Isha. Kwamba katika milima ya Uajemi palikuwa na ngome, na bwana wake, Mzee wa Mlimani, akiwanywesha vijana maji ya bangi wakalala, wakaamkia bustanini penye mito ya asali na mvinyo na wanawali wazuri. Kisha huwatoa na kuwaambia: nendeni mkamwue fulani, nami nitawarudisha peponi. Usiku mmoja jirani yangu Mwismaili alikuwapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kahawa yake, akaaga. Hakurudi barazani mwezi mzima.

Ndipo nikashika vitabu, na mwenye haya hasomi kwa raha.

Ngome ni kweli. Yaitwa Alamut, juu ya jabali katika milima ya Alborz, kaskazini mwa Iran. Leo ni magofu. Hassan bin Sabbah aliitwaa mwaka 1090, akakaa humo hadi kufa kwake mwaka 1124. Watu wake waliua wakubwa kadhaa kwa visu, hilo halifichiki. Lakini bustani?

Aliyeivumisha zaidi ni Marco Polo, aliyezaliwa mwaka 1254. Wamongolia wa Hulagu waliitwaa Alamut mwaka 1256. Mtoto wa miaka miwili!

Aliyeingia ngomeni kwa miguu yake ni Juvayni, mwanahistoria wa Hulagu. Naye aliwachukia Waismaili chuki isiyo kiasi. Angaliiona bustani ile, angalinyamaza? Ataja mifereji ya maji na maghala yaliyochongwa mwambani. Asali aliikuta, ndiyo, lakini ghalani. Tena ndiye aelezaye kuwa Hassan alimwua mwanawe mwenyewe kwa kunywa mvinyo. Maktaba akaipekua: misahafu na vitabu vilivyompendeza akavitoa, na vile alivyoviona vya upotevu akavitia moto.

Na neno hashishi? Lilikuwa tusi, walilotukanwa na Waislamu wenzao. Wazungu wakaliokota, wakalifanya jina la kila muuaji wa siri. Nami Mombasa, karne nane baadaye, nikalipigia hadithi mbele ya mtu ambaye maimamu wake walikaa Alamut.

Nilimwendea dukani kumtaka radhi. Alinisikiliza vile vile, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maalim, siku nyingine uanze na vile vitabu."