Njia ya Nizwa na Landrova ya Babu

Idi ikikaribia, magari ya Muscat hupanga foleni kuelekea Nizwa, watu wakawahi shuwa kwao. Ni kilomita kama 160 tu, lakini watoto nyuma washachoka. Babu yao huwacheka. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na lami kilomita 10 hivi! Yeye, katoka Unguja na kufika miaka ileile, akitoka alfajiri na Landrova, madirisha wazi, debe la maji ya rejeta pembeni, njia yenyewe ndani ya wadi. Mafuriko yakija, mnalala hapohapo.

Landrova bado ipo uani, imejaa vumbi. Wanawe wanataka iuzwe. Mzee hasemi kitu. Juzi kaenda mwenyewe kununua betri mpya.